Kipeo cha Nne

Wadi ya tatu, hospitali ambayo Kisumu nzima huiita Russia,
saa nane usiku, stima imerudi.
Pajani nina daftari, daftarini nina moyo:
pampu moja, mirija miwili,
mshale wa kwenda, mshale wa kurudi.
Baba amelala chali kama bomba lililong'olewa.

Nimedhani (hesabu ya namna hii huanza kwa kudhani)
kwamba mshipa ni mnyoofu,
kwamba ukuta wake haunyumbuki,
kwamba damu ni laini kama maji,
kwamba mgonjwa ni mtu yeyote.

Kisha nikaandika mlinganyo.
Presha juu ya mstari, urefu chini, mnato chini,
na nusukipenyo, kale kaherufi kadogo,
kamebeba namba nne begani
kama chawa kwenye ukosi.

Kipeo cha nne.
Maana yake mshipa ukibana ukawa nusu,
damu haipungui ikawa nusu, wala robo.
Hubaki fungu moja katika kumi na sita.

Mimi nilifundishwa hili Maseno, kwa chaki, muhula mzima.
Baba alilijua kwa foleni.
Miaka ishirini na saba akifunga mabomba ya watu,
Nyalenda, Manyatta, Obunga,
spana ikimning'inia kiunoni, akisema:
"Mnyang'anye mama bomba la inchi, umpe la nusu inchi,
na mtungi uliokuwa ukijaa kwa dakika moja
utamkuta nao palepale dakika ya kumi na sita,
anakutukana wewe na waliokuzaa."
Hakukijua kipeo. Aliyajua matusi.

Sista Khavetsa anakuja, anamfunga mkono,
anabana mpira, anaachia, anasikiliza.
Mia moja sabini na mbili.
Daftari langu linasema mia moja arobaini na tisa.

Nafuta. Narudia. Desimali ziko sawa,
alama ya kutoa imekaa mahali pake.

Baba anafumbua jicho moja.
"Awiti, unapika hesabu gani usiku huu?"
Wewe, namwambia.
Anacheka; kikohozi kinammalizia kicheko.
"Umeniwekea tangi?"
Tangi gani, Baba?
"La juu ya paa. Pampu husukuma, hupumzika, husukuma.
Mbona maji ya jikoni hayakatikikatiki?
Nani humimina pampu ikipumzika?"

Ukuta wake haunyumbuki: mwandiko wangu mwenyewe, wino wa buluu.
Kumbe mshipa mkuu hufutuka kwa kila pigo,
huweka akiba, kisha huirudisha polepole
moyo unapovuta pumzi.
Nao ukizeeka hukakamaa
kama tairi la bodaboda lililoachwa juani;
hauweki tena kitu,
pigo zima linakwenda kujigonga ukutani.

Nachora duara kando ya moyo.
Mlinganyo sasa una wakati ndani yake,
kila sekunde inaidai iliyotangulia.

Baba anachukua vidole vyangu viwili,
anavibandika shingoni mwake.
"Sikia. Bomba linagonga."
Kweli linagonga, kama yale ya nyumba yetu ya Arina
maji yakifungwa ghafla alfajiri,
nami mdogo chini ya blanketi
nikidhani kuna mtu ndani ya ukuta.

Sekunde kumi na tano, mapigo ishirini na mawili.
Naingiza. Natatua. Mia moja sitini na sita.

Bado sita.
Sijui sita hizi nizitie herufi gani.
Labda ni chumvi ya omena.
Labda ni magoti yake matopeni, masika baada ya masika,
au bili iliyokunjwa chini ya mto,
au mimi, niliyesema nakuja Jumamosi
nikafika Jumanne.

Sista Khavetsa anapita na toroli yake,
anachungulia daftari: Umempata?
Nimekaribia, namjibu.

Na kutoka kitandani, macho yamefumbwa:
"Kukaribia hakujazi mtungi."